Gurudumu la Nyuma la Mama Pacha

Mke wangu amepima mvua kwa miaka kumi na tisa. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani nawafanyia mzaha, kwa hiyo acha nieleze. Juu ya kilima kilicho nyuma ya mtaa wetu, ndani ya uzio wa waya, kuna mkebe wa shaba uliozikwa nusu ardhini, mdomo wake juu. Mvua ikinyesha, maji huingia humo. Kila siku saa tatu asubuhi, si saa tatu kasoro wala saa tatu na robo, mtu wa ofisi ya maji lazima awe pale, ayamimine maji yale kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, asome, aandike. Isiponyesha huandika sifuri, lakini ni lazima apande mpaka huko ili aiandike hiyo sifuri. Mtu huyo ndiye mke wangu. Kila mtu humwita Mama Pacha, hata mimi, kwa sababu ya mabinti zetu wawili walioolewa mwaka mmoja wakatuachia nyumba kubwa na kimya kikubwa zaidi.

Mimi ni fundi makochi. Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana: meza ya kukatia kitambaa, cherehani nzito ya turubai, mabunda ya sponji yaliyosimama ukutani kama wageni waliokosa viti, na harufu ya gundi ambayo Mama Pacha anasema siku nitakayokufa itabaki kwenye pazia. Sijawahi kufanya kazi nyingine. Watu hukaa juu ya kazi yangu bila kuitazama, na hiyo ndiyo heshima ya fundi makochi: ukikaa ukasahau kwamba umekaa, nimefaulu.

Zamani ofisi ilikuwa inampandisha kwa pikipiki. Pikipiki ilipokufa, wakampa baiskeli iliyoachwa na mtaalamu wa mradi fulani uliokwisha, baiskeli ya milimani, yenye matairi manene na shokapu mbili, ya mbele kwenye uma na ya nyuma chini ya siti. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mtaa mzima ulitoka kuangalia.

"Baba Pacha," jirani mmoja akaniuliza, "mkeo amepanda baiskeli, wewe utapanda nini?"

"Kitanda," nikamjibu. "Napanda mapema."

Lakini moyoni sikucheka. Nilimwona akikata kona ya mwisho wa mtaa, mgongo umenyooka, kofia ngumu kichwani, na nikakumbuka kwamba nilipomjua mara ya kwanza alikuwa msichana aliyeendesha baiskeli ya baba yake akiwa amepitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu hakuifikia siti.

Njia ya kwenda juu ni ya kawaida mpaka mahali panapoitwa Kisogo. Vijana wa baiskeli wanaokuja wikendi na nguo zao za kubana ndio waliopaita hivyo, kwa sababu ukifika hapo kilima kinakupa kisogo. Ni mita mia moja na hamsini tu, lakini zimesimama. Chini kuna changarawe inayoviringika kama dengu sakafuni. Katikati kuna mawe mapana yaliyopangana kama ngazi ya mtu mlevi. Juu kabisa kuna mizizi, minne au mitano, imelala kukingama njia. Hakuna aliyewahi kupapanda hapo bila kuweka mguu chini, hata hao vijana. Mama Pacha alikuwa akishuka na kusukuma. Kusukuma baiskeli nzito mlimani ni kama kumvuta ng'ombe anayejua anapelekwa sokoni.

Tatizo lilikuwa goti. Daktari alimwambia wazi kwamba goti la kushoto limechakaa. Kukanyaga pedeli hakulidhuru, ila kupanda mlima kwa miguu huku anasukuma mzigo ndiko kunakolimaliza. Kwa hiyo akaanza kujaribu kupapanda Kisogo akiwa juu ya baiskeli. Na kwa hiyo akaanza kuanguka.

Siku ya tatu ya kuanguka alirudi na kiwiko kimechubuka, damu imekauka na vumbi. Nilikuwa napigilia mikanda ya mpira kwenye fremu ya kochi. Nikaweka nyundo chini.

"Mama Pacha, imetosha sasa."

Akapita mpaka bafuni, nikasikia maji. Aliporudi akakaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, akasema, "Hata Mkuu wa ofisi anasema imetosha. Amenipigia simu leo. Mwisho wa mwezi nikakae ofisini nipange mafaili. Huko juu watampeleka mtu mwingine."

"Si amekuonea huruma?"

"Amenionea huruma, ndiyo." Alikitazama kiwiko chake. "Miaka kumi na tisa sijakosa siku hata moja, Baba Pacha. Siku ya harusi ya mabinti nilipanda, nikashuka, nikavaa. Leo nitolewe na changarawe?"

Nikasema, "Kesho nitakwenda na wewe." Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanda kile kilima.

Kesho yake nilitangulia kwa miguu, nikamsubiri chini ya Kisogo. Alikuja kwa mwendo mzuri, akabadilisha gia, akaingia. Gurudumu la mbele likapanda jiwe la kwanza bila shida. La nyuma likaligonga, likaruka, likajizungusha hewani kama pia, likatua likikwangua changarawe. Baiskeli ikafa pale pale. Akaweka mguu chini, akashuka, akaanza kusukuma bila kunitazama, maana mtu hapendi kutazamwa wakati huo.

Mimi nikabaki nyuma, macho chini. Hapo mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kumi na vumbi lilikuwa laini kama unga, kila kitu kimeandikika. Alama ya tairi la mbele ilikuwa mstari mmoja usiokatika. Alama ya tairi la nyuma ilikuwa vipande vipande: hapa ipo, kisha kiganja kizima hakuna kitu, kisha mkwaruzo, kisha hakuna tena. Nikachuchumaa. Nimeshona maisha yangu yote, na nilikuwa nauona mshono unaoruka. Cherehani huruka mshono kwa sababu moja kubwa: kitambaa hakikushikwa chini, kinarukaruka, sindano inashuka na kukuta hewa.

Nikamkimbilia kwa kadiri pumzi yangu ilivyoruhusu.

"Mama Pacha! Gurudumu lako la nyuma haligusi ardhi."

"Nakwambia nimeteleza, wewe unasema sikugusa ardhi?"

"Hutelezi. Unaruka. Ukishatua ndipo unateleza."

Akasimama. Akanitazama jinsi anavyolitazama wingu asiloliamini. Halafu akasema, "Saa tatu inakaribia," akaendelea kusukuma. Lakini jioni, kabla sijamwomba, aliiingiza baiskeli karakanani na kuiegemeza kwenye meza yangu.

Niliweka kiganja juu ya siti nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Haikushuka. Ilikuwa ngumu kama benchi la kituo cha polisi.

"Kochi hili limejazwa na mwanagenzi," nikasema.

Wanagenzi hujaza sponji kupita kiasi ili kochi lionekane limenona dukani. Mteja akilikalia linamrudisha, mwishowe anakaa ukingoni kama mtu aliyekuja kuposa. Mimi nilifundishwa tofauti. Kiti kinapaswa kushuka theluthi moja mtu akikaa kwa utulivu. Theluthi mbili zinazobaki ni akiba, za siku atakayokuja mjomba mnene ajitupe. Kiti kisichokumeza kidogo kitakutema.

Lakini shokapu ile sikuijua. Haikuwa na springi. Ilikuwa silinda nyeusi yenye fimbo inayong'aa, na ndani yake hewa tu. Hewa! Nilipoelezwa hilo nilishangaa kama mtoto. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya pumzi iliyofungwa.

Aliyenieleza ni Fundi Spoku. Yeye ndiye fundi baiskeli wa mtaa, mwembamba kama jina lake, na ndiye aliyeijaza ile shokapu tangu mwanzo. Alikuja na pampu yake ndogo yenye geji, akiwa amenuna kidogo, maana hakuna fundi anayependa kusahihishwa na fundi wa kazi nyingine.

"Bwana, kupanda mlima kunataka ugumu," alisema. "Ikiwa laini, nguvu za shemeji zinaishia kwenye shokapu badala ya kwenda kwenye gurudumu. Tazama, hata wenyewe waliotengeneza wameweka hiki." Akanionyesha kimkono cha bluu kando ya silinda. "Ukifika mlimani unakigeuza huku, shokapu inafunga kabisa."

"Mlima wa lami au mlima wa mawe?" nikauliza.

Fundi Spoku alifungua mdomo, akaufumba. Halafu akasema polepole, "Mimi nimepanda milima ya lami tu."

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," Mama Pacha akasema akitabasamu. "Baba Pacha anataka iwe kochi, wewe unataka iwe barabara. Mimi nataka kufika."

Tukaanza kazi. Nilimwambia avae kila anachovaa na abebe kila anachobeba: kofia, buti, koti la mvua, chupa ya maji, begi lenye daftari na gilasi ya akiba. Huwezi kupima kiti kwa mtu aliye uchi wa mizigo yake. Kwenye ile fimbo inayong'aa kulikuwa na pete nyembamba ya mpira ambayo sote tulidhani ni pambo. Fundi Spoku ndiye aliyeing'amua. Aliisukuma mpaka ikagusa silinda, mimi nikashika usukani, Mama Pacha akapanda taratibu, akakaa, akatulia, akashuka taratibu. Pete ilikuwa imesukumwa na ikabaki mahali fimbo ilipofikia.

Nikapima kwa tepu yangu ya kushonea. Fimbo nzima ilikuwa na milimita hamsini za kuingia. Pete ilikuwa imesogea sita.

"Sita katika hamsini," nikasema.

Fundi Spoku akakuna kichwa. "Nilijaza kama ya mtu wa kilo mia."

Alifunga pampu kwenye valvu. Geji ikasema mia mbili na kumi. Akabonyeza kitufe, hewa ikatoka kwa mlio mfupi kama mtu aliyekasirishwa, akakandamiza siti mara kadhaa ili hewa ijipange, tukapima tena. Tisa. Tena. Kumi na mbili. Mimi ndiye niliyesema tuendelee. Tuliacha kwenye kumi na nane, nikajipongeza kwamba nimepata theluthi na chenji.

Nilizidisha. Asubuhi gurudumu la nyuma lilishika jiwe la kwanza vizuri ajabu, likashika la pili, lakini baiskeli ilikuwa imezama mno, pedeli ya kulia ikagonga jiwe la tatu, paa, na Mama Pacha akaruka kando kama paka. Hakuanguka. Akasimama katikati ya Kisogo, mahali ambapo hajawahi kufika akiwa juu ya baiskeli, akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Umeona?" akasema. "Liling'ang'ania!"

"Limezama sana. Tutaongeza hewa."

"Ongeza, ongeza. Lakini umeona lilivyong'ang'ania?"

Tulirudi kwenye kumi na tano. Geji ikasimama karibu na mia na arobaini na tano. Kile kimkono cha bluu tukakiacha wazi, nami nikakifunga kwa uzi wa turubai ili asikiguse kwa mazoea. Fundi Spoku akapunguza na upepo wa tairi la nyuma kidogo, mpaka kidole gumba kikaweza kuingia. Asubuhi iliyofuata mawe yote yakapita chini yake. Mizizi ndiyo iliyomtoa. Mzizi wa kwanza ulimnyanyua, wa pili ulimkuta bado yuko juu, wa tatu ukamrusha kabisa kwenye siti.

"Inanipiga teke," alisema akiwa anatafuna mkate wa chai, bado ana kofia kichwani. "Inashuka vizuri, lakini inarudi kwa hasira."

Sponji mbaya hufanya hivyo hivyo. Haiwezi kukupokea tu. Lazima ikurudishe palepale. Nikauliza kama shokapu ina mahali pa kuituliza hasira. Fundi Spoku akainama, akaichunguza, akakuta kifundo chekundu kidogo kama punje ya hindi upande wa pili. Alikizungusha. Kililia tik. Akakizungusha tena, tik. Tukatazamana kama watu waliofungua droo na kukuta droo nyingine ndani.

Alasiri ile tuliitumia kwenye ngazi ya baraza. Mama Pacha akiendesha akiwa ameketi, anashuka kidato kimoja, tup, mimi na Fundi Spoku tumelala kifudifudi kwenye saruji, mashavu yetu karibu na gurudumu. Mara ya kwanza shokapu ilishuka, ikarudi, ikapita kiasi, ikarudi tena, ikayumba. Tik moja. Akashuka tena. Tik nyingine. Tulipofika tik sita ilikuwa imelala mno. Inarudi kwa uvivu, na ukiipa kidato cha pili haraka inakuta bado haijainuka. Tukarudisha mbili.

Jirani akapita. "Jamani, mmepoteza nini hapo chini?"

"Milimita," Fundi Spoku akajibu bila kuinua kichwa.

Kwenye tik ya nne, Mama Pacha alishuka kidato, fimbo ile ikaingia, ikatoka, ikatulia. Mara moja tu. Kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzuri. Fundi Spoku alinyoosha kidole akaigusa silinda kwa upole, jinsi mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa aliyepoa homa.

Usiku ule mvua ikanyesha. Fundi Spoku alifika asubuhi akiwa na mwavuli na mashaka: mizizi itakuwa imelowa, itateleza kama sabuni, heri tungoje kesho.

"Mvua haingojwi kesho, shemeji," Mama Pacha akamwambia. "Ndiyo siku yenyewe ya kazi." Akafunga kamba ya kofia.

Tukatangulia, tukasimama kando ya Kisogo, mimi nusu ya juu karibu na mizizi, Fundi Spoku chini kwenye mawe. Ukungu ulikuwa umetanda kwenye miti na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani. Nilisikia mnyororo kabla sijamwona. Kisha akatokea, koti la manjano, uso umetulia, ameketi. Hakusimama kwenye pedeli kama zamani. Alikuwa amekaa kitako, kifua kimeinama kidogo, miguu ikizunguka polepole kwa mwendo uleule mmoja.

Aliingia kwenye changarawe. Nilingoja ule mlio wa kukwangua. Haukuja. Kokoto zilitawanyika pembeni na gurudumu likapita kati yake kama kisu kwenye siagi. Akafika jiwe la kwanza. Hapo nikaona kitu ambacho nimekisimulia mara nyingi na bado sijakisimulia sawasawa. Jiwe liliingia chini ya gurudumu, gurudumu likapanda, na yeye hakupanda. Gurudumu lilipanda peke yake. Fimbo ikazama, gurudumu likafuata umbo la jiwe juu, likafuata umbo la jiwe chini, na mwili wa mke wangu ukapita hapo juu ukiwa umenyooka kama maji kwenye gilasi. Jiwe la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Fundi Spoku alikuwa amekunja mikono kifuani. Ikafunguka yenyewe ikabaki inaning'inia.

"Panda, shemeji," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliye msikitini au kanisani. "Panda tu."

Akanifikia. Nilisikia pumzi yake, nzito lakini ina mpango. Mizizi ilikuwa inang'aa kwa maji. Wa kwanza: gurudumu la nyuma lilipepesuka kiasi cha upana wa kidole, likashika. Wa pili: fimbo ilikuwa imesharudi, iko tayari, ikazama tena. Wa tatu. Wa nne. Kila mzizi ulilikuta gurudumu liko chini likiungojea. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na moja, nimemwona akizaa wawili kwa asubuhi moja, na nilisimama pale kwenye majani yaliyolowa nikijiambia: kumbe bado sijamwona.

Akaupita wa mwisho. Njia ikalala. Hakusimama, aliendelea mpaka akamezwa na ukungu, na kilichobaki ni mlio wa mnyororo, kisha hata huo ukaisha.

Fundi Spoku alikuja akihema, akaniegemea begani. Tuliitazama ile njia. Udongo ulikuwa umelowa vizuri na alama ya tairi la nyuma ilikuwa imechorwa kutoka chini mpaka juu, haina pengo hata la ukucha. Tulipanda tukiikwepa, mmoja kushoto na mwingine kulia, bila kuambizana.

Tulipofika kwenye uzio ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Mama Pacha alikuwa amesimama karibu na lango, baiskeli imeegemea nguzo. Nilidhani atapiga vigelegele. Alininong'oneza tu, kama anayeniambia siri ya mtu mwingine:

"Baba Pacha, nimeihisi njia yote. Kila jiwe. Miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba lile la tatu lina shimo katikati."

Akatazama saa, akafungua lango, akapiga goti moja, lile zima. Akautoa mkebe mdogo uliokaa ndani ya ule wa shaba, akamimina maji kwenye gilasi nyembamba, akaiinua mpaka usawa wa jicho. Sikuwahi kumwona akiifanya kazi yake.

"Nne na nusu," akasema, akaandika.

"Nne na nusu nini?"

"Milimita."

Nilikuwa nimeshajifunza kuiheshimu milimita wiki ile, lakini hata hivyo nikaona ni kidogo. Mvua iliyotuamsha kwa kelele za bati, milimita nne na nusu? Nikamwambia hivyo.

Akanitazama, akaona kwamba siulizi kwa mzaha. "Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba," akasema. "Bonde lote hili linaloshusha maji mtoni," akazungusha mkono kwenye ukungu, "ni kilomita za mraba nane. Kwa hiyo usiku wa leo, sisi tukiwa tumelala, zimeshuka lita milioni thelathini na sita."

Alisema hivyo huku anafuta gilasi kwa kitambaa. Fundi Spoku akavua kofia yake. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda, na chini yake bonde likaanza kuonekana, kwanza miti, halafu utando mweupe wa mto, halafu mapaa ya mtaa wetu, madogo kama vifungo. Maji yote yale yalikuwa yanatembea humo kimyakimya, na mtu pekee duniani aliyejua kiasi chake alikuwa amepiga goti mbele yangu akitafuta kifuniko cha kalamu.

Mkuu hakuandikiwa maombi wala malalamiko. Mama Pacha aliongeza mstari mmoja tu kwenye taarifa ya siku anayoipeleka ofisini: amepanda Kisogo bila kushuka, dakika tatu na sekunde arobaini, njia ikiwa imelowa. Siku sita mfululizo akaongeza mstari kama huo. Siku ya saba Mkuu alikuja mwenyewe kuona, kwa miguu, na viatu vya ofisini. Alifika juu saa tatu na dakika ishirini, shati limegandana na mgongo, akatukuta mimi na Mama Pacha, kila kitu kimeshaandikwa. Alikaa kwenye jiwe akapumua. Aliomba alione daftari, akafungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akaendelea kufungua kwa muda mrefu, tarakimu baada ya tarakimu kwa mwandiko uleule mmoja.

"Mama Pacha," mwishowe akasema, "yale mafaili atayapanga mtu mwingine."

Mke wangu akamshukuru, akaliweka daftari begini, akapanda baiskeli yake na kutuaga. Mkuu akasimama kumwangalia akishuka Kisogo, nami nikasogea pembeni kumwachia nafasi, maana pale kuna mahali pamoja tu pazuri pa kuonea.